Tangawizi na mitungi ya Baba

Mama aliponiona kwenye simu nikimfunga mbwa mikanda ya kuvuta mizigo, alinyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Kwani huko Marekani punda wameisha?"

Baba alikuwa nyuma yake anakunywa chai. Akasogea, akavaa miwani, akaniambia, "Mama," maana mimi pia ananiita hivyo, "hebu mwinue mguu wa mbele nimwone kwapani."

Mama alikuwa anatania. Baba hakuwa anatania. Baba aliendesha mkokoteni wa punda pale Voi miaka mingi, akiuza maji kwa mitungi, na kwa mnyama yeyote anayevuta, yeye huanza kuangalia pale mkanda unapogusa ngozi.

Mimi naishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, ambako Wakenya tumejaa kiasi kwamba ukienda kununua unga wa ugali unasalimiwa kwa Kiswahili kabla hujafika kaunta. Nafanya kazi ya usiku kwenye makao ya wazee: kugeuza watu kitandani, kuwasimamisha, kuwafikisha msalani salama. Kufuga mbwa sikuwa nimepanga. Nyumbani mbwa wetu walikuwa wa kubwekea nyani na wezi, wakilala nje na kula ukoko. Huyu wangu analala miguuni pangu na ana daktari wake, jambo ambalo Mama hajalikubali mpaka leo.

Nilimchukua miaka miwili iliyopita kwenye makao ya mbwa wasio na wenyewe. Karatasi yake ilisema mchanganyiko wa pitbuli, mbwa wa misuli anayeogopwa na wengi, umri miaka mitatu kwa kukisia meno, uzito kilo 34. Ana kichwa cha boga na kifua cha kuli wa bandarini. Alikuja na jina Tank, yaani kifaru cha vita. Nikaona jina lile, juu ya kichwa kile, hakuna jirani atakayenisalimia. Rangi yake ni ya tangawizi iliyosagwa, basi akawa Tangawizi. Sheria ya Minnesota, jimbo letu, hairuhusu mji kumpiga mbwa marufuku kwa sababu ya aina yake peke yake, lakini mwenye nyumba ana sheria zake, na nilihama mara moja kwa ajili ya mbwa huyu. Hiyo nitaiandika siku nyingine, nikiwa nimeshapoa.

Kipupwe chetu cha kwanza alinivuta kwenye barafu nikaanguka kalio, chupa ya chai ikaenda zake barabarani. Wiki ile ile akala mkono wa kochi. Mfanyakazi mwenzangu mmoja, mtu wa huku aliyekulia na mbwa, akacheka akasema mbwa wa namna ile anatafuta kazi, na usipompa ataitafuta mwenyewe. Ndiye aliyenipeleka kuona mashindano ya kuvuta uzito.

Mchezo wenyewe ni wa huku. Mizizi yake ni mbwa wa mizigo wa Alaska na Kanada, enzi barua na chakula vilipofika vijijini kwa sleji, chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji. Kuna chama chao cha kimataifa, IWPA kwa kifupi, kilichoanzishwa 1984, na vipo vingine. Mbwa hupangwa kwa uzito wake. Tangawizi anaangukia daraja la ratili 80, kama kilo 36. Anavuta mzigo futi 16, karibu mita tano, ndani ya sekunde 60. Mwenye mbwa anasimama ng'ambo ya mstari. Haruhusiwi kumgusa wala kumwonyesha kipande cha nyama. Anamwita tu, na mbwa akikataa, amekataa. Hapo ndipo mchezo uliponiingia moyoni. Nilitarajia kuona viboko, nikaona watu wazima wamepiga magoti wanabembeleza.

Uzito unaotajwa pale unatisha. Nilimwona mbwa mdogo kuliko wangu akisogeza gari lililopakiwa zaidi ya tani moja. Nilipomsimulia Baba hakushtuka. "Ni la magurudumu?" Nikasema ndiyo. "Basi. Mitungi kumi na miwili kwenye mkokoteni punda anakwenda nayo anapepea masikio. Mtungi mmoja uburute mchangani, uone." Ndivyo ilivyo. Gurudumu likishaanza kuzunguka mzigo unakuwa nusu yake. Kazi yote iko kwenye kuuamsha. Kwa hiyo kilo za kwenye gari, kilo za kwenye theluji na kilo za kuburuta kwenye nyasi si kilo za aina moja, na anayekuambia "wangu anavuta kilo mia tano" bila kusema juu ya nini, hajakuambia kitu.

Kabla sijanunua hata kamba nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Alimsikiliza moyo, akamkunja kiungo kimoja kimoja, akampiga eksirei ya nyonga na viwiko, kwa sababu mbwa wa vifua vipana wengi hukua na nyonga ambazo hazijakaa sawasawa kwenye tundu lake, na hutaijua mpaka uzito uje kuionyesha. Akaniuliza umri. Ncha za mifupa ya mbwa mdogo bado ni laini, zinakua. Kwa wengi hufunga kati ya mwaka na mwaka na nusu, na kwa wale majitu huchelewa zaidi. Kumvutisha mtoto mzigo kabla ya hapo ni kumnunulia ulemavu. Angekuwa na miezi minane ningerudi nyumbani tukajifunze kukaa na kusimama.

Sasa mikanda. Kosa langu la kwanza nililifanya hapa, la ubahili. Niliinunua kwa mtu mtandaoni, imetumika, na ilikuwa kubwa kwake vidole vitatu. Mikanda ya kuvuta uzito si ile ya kutembezea mbwa. Ina pedi nene kifuani, inapita chini ya shingo bila kugusa koo, halafu mikanda miwili mirefu inakwenda ubavuni mpaka nyuma, na nyuma kabisa kuna kijiti kinachoitanua isimguse miguu anapopiga hatua. Nguvu inatoka kifuani na kupita chini, sambamba na mwili. Usimfunge mzigo kwenye mkanda wa shingoni. Hata chupa tupu.

Baba alipoangalia kwapa lile kwenye simu, mimi nilikuwa sijaona kitu. Nikaleta tochi. Manyoya yalikuwa yamelala upande mmoja, na chini yake ngozi ya waridi, kipande cha ukubwa wa shilingi tano. "Kesho litakuwa kidonda," Baba akasema. "Kesho kutwa atakuwa anavuta kwa upande ule mwingine kukimbia maumivu, na mgongo utapinda." Punda wetu, Bahati, alikuwa anatandikwa vipande vya blanketi kuukuu chini ya kila mkanda, na Baba alikuwa akivifua jioni, chumvi ya jasho isikauke ikawa msasa. Sisi watoto tulimcheka kwamba anamfulia punda nguo. Niliiuza ile mikanda, nikamshonesha Tangawizi yake kwa vipimo, na mpaka leo kila tukimaliza napitisha vidole kwapani, kifuani na kwenye mbavu. Sekunde ishirini.

Watu huniuliza kama mbwa anayefundishwa kuvuta hatanivuta mimi njiani. Imekuwa kinyume. Anajua mikanda ni kazi, na mkanda wa shingoni ni kutembea kando yangu kiungwana. Tulichukua miezi miwili kwa hilo peke yake, na kupita mbwa wengine bila kujibizana, kwa kuwa kwenye mashindano watakuwa hamsini. Mbwa mwenye nguvu asiye na adabu usimwongezee nguvu.

Mzigo wa kwanza ulikuwa hewa. Wiki mbili alivaa mikanda akala maini ya kuku ya kuchemsha, akavua, basi. Kisha nikafunga kamba tupu nyuma, azoee ikimfuata. Kisha chupa ya plastiki yenye punje za mahindi ndani, ipige kelele, kwa sababu kinachowatoroshea mbwa akili si uzito, ni kitu kinachowafuata kwa nyuma kikilia. Alipoacha kugeuka geuka ndipo nilipotoa mtungi. Ule ule wa njano wa lita ishirini, kutoka duka la Waafrika. Naulaza juu ya sleji ya plastiki ya watoto, naifunga, namvutisha kwenye nyasi za bustani nyuma ya nyumba.

Uzuri wa mtungi ni kwamba maji hayadanganyi. Lita moja ni kilo moja. Tulianza na lita mbili. Kila wiki nikiona anatembea huku mkia umelegea, naongeza lita moja. Wiki ya nne napunguza, apumzike. Siku tatu kwa wiki, si mfululizo. Dakika kumi za kutembea kabla, viungo vipate moto, na dakika kumi baadaye. Mpaka anafika lita 12, karibu theluthi ya uzito wake, ilikuwa imepita miezi mitatu na ushei. Hiyo ni ya kutembea nayo polepole dakika ishirini, kujenga misuli na kano. Misuli huwahi kuwa na nguvu. Kano zinazoishika kwenye mifupa huchelewa sana, na hazisemi.

Amri zetu ni za Kiswahili, tatu. "Kaza": asogee mbele mpaka kamba inyooke, asimame hapo. "Vuta." Na "basi", ambayo ni neno analolipenda kuliko yote. Ile "kaza" ndiyo kinga yenyewe. Kamba ikiwa imelegea na mbwa akaruka, mwili wote unakutana na mzigo kwa kishindo kimoja, na kishindo hicho kinapasua. Kamba ikiwa imekaza tayari, anainamisha kichwa, anashusha kifua, anaegemea, na mzigo unaamka taratibu. Kazini tunafundishwa hilo hilo: humnyanyui mzee kwa kumnyakua. Unamshika mkanda wa kiunoni, unakaza, unahesabu pamoja naye, ndipo mnapanda.

Yote haya nilikuwa nayajua siku nilipomuumiza.

Binamu yangu alikuja kutoka Texas. Ana maneno mengi na simu kubwa. Nikamwonyesha Tangawizi na lita zake kumi na mbili, akaguna. "Lita kumi na mbili? Huyu? Hata shosho angevuta." Na mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na nane, nikajaza mitungi miwili. Kilo arobaini. Nikamgeuza aelekee kilimani ipate kupendeza kwenye video.

Hatua sita alikwenda vizuri. Ya saba sleji ikanasa kwenye mzizi wa mti uliojificha nyasini. Akaegemea, haukwenda. Akanigeukia. Sura ile naikumbuka, aliuliza kabisa. Na badala ya kusema basi, nilisema vuta. Akarudi nyuma hatua moja, kamba ikalegea, akaruka. Mara ya pili akaruka. Mara ya tatu alitoa sauti ndogo tu, si kilio, kama mtu aliyekanyaga kijiwe, akakaa chini.

Binamu alikuwa bado anapiga picha.

Jioni alikula. Asubuhi nilirudi kutoka kazini nikamkuta chini ya ngazi ananitazama. Akapanda, lakini mguu wa nyuma wa kushoto ukawa unafupisha hatua. Mkono wangu ulikwenda kabatini kwenye ibuprofen zangu, na kama si kwamba nilikuwa nimewahi kuambiwa, ningempa: dawa hiyo inaweza kuharibu tumbo na figo za mbwa. Nilifunga kabati nikapiga simu.

Daktari alimbonyeza kinenani, ndani ya paja, Tangawizi akashtuka. Kuna msuli unaotoka kwenye uti wa mgongo, unapita ndani ya nyonga, unashikilia paja. Huo ndio uliovutika. Haukukatika, alisema kama anatupa pole na pongezi pamoja. Wiki sita bila kukimbia, bila ngazi, kamba fupi, dawa ya mbwa. Nilihamishia godoro langu sebuleni chini ili asipande kunitafuta. Gharama siitaji, Mama anasoma hapa.

Wiki sita ziliisha, mguu ukapona. Nikatoa mikanda. Tangawizi akaiona, akaondoka kwenda jikoni, akalala na mgongo kwangu.

Nilimpigia Baba. Nilimweleza yote, na video nikamtumia. Aliitazama, hakunigombeza, na ni afadhali angenigombeza. "Bahati alikwama mara moja mtoni," akasema. "Watu walitaka nimchape. Punda akishajua kwamba mzigo unaweza kumshinda, mama, hasahau. Nilishusha mitungi yote. Nikamwacha atoke na mkokoteni mtupu, ndipo nikaibeba mmoja mmoja mpaka juu. Watu walicheka kweli."

Nikarudi kwenye maini ya kuku. Mikanda sakafuni, maini juu yake. Siku kumi. Kisha juu ya mgongo bila kufunga. Ilituchukua miezi miwili kurudi kwenye chupa ya mahindi, na tangu hapo nina sharti moja: kila kikao kinaishia kwenye mzigo ninaojua atauweza. Akisita sekunde tatu nne, mimi mwenyewe nasukuma sleji kwa nyuma inakwenda, namwambia basi, anakula. Hajakwama tena mbele yangu. Na njia naikagua kwa miguu kabla, kutafuta mizizi, mashimo, vigae. Nyasi kavu au zulia linaloshika. Kwenye sakafu ya kuteleza miguu ya nyuma inafunguka kama mkasi.

Joto ni habari nyingine, na watu wa kwetu tutadhani Minnesota ni barafu tupu. Julai hapa kuna unyevunyevu wa Mombasa bila bahari. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Anapoa kwa kuhema, na hewa ikiwa nzito kuhema hakumsaidii. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Namtazama ulimi. Ukiwa mpana, umejikunja ncha kama kijiko, tumeshamaliza, hata kama tulikuwa ndio tumeanza. Ufizi ukiwa mwekundu sana au akiyumba, ni kummwagia maji mwilini, feni, na gari kwenda kwa daktari. Majira ya joto tunavuta saa kumi na moja alfajiri siku ambazo siendi kazini, au hatuvuti kabisa. Na simpi chakula kabla ya kuvuta: mbwa wa kifua kirefu tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota, na hilo huua ndani ya saa chache. Anakula akishapumzika.

Gari la magurudumu tulichelewa kulifikia, na kwa gari siko peke yangu kamwe. Mzigo wa sleji ukisimama umesimama. Wa magurudumu unaweza kumfuata mbwa ukampanda visigino. Mwenzangu wa kazini anashika kamba ya nyuma, yeye ndiye breki, na hatujawahi kulitia kwenye mteremko hata wa kiganja.

Februari tulikwenda mashindano, kwenye theluji, nyuzi tisa chini ya sifuri. Tangawizi alivuta raundi tatu akinitazama machoni muda wote. Ya nne alikaza, akavuta, akafika, lakini mwishoni kichwa kilipanda juu, na akichoka huwa anapandisha kichwa. Nikamwondoa. Alibaki na nguvu za kumwinda kindi njia nzima ya kurudi garini, kwa hiyo wapo walioona nimeharakisha. Sawa.

Baada yetu alikuja malamuti mmoja mkubwa, mbwa wa sleji wa Alaska, karibu mara moja na nusu ya Tangawizi, akashindwa kuisogeza sleji. Muda ulipoisha watu wawili wakaenda nyuma wakaisukuma, taratibu, bila yeye kuwaona. Ikasogea. Yeye akadhani ni yeye, akavuka mstari amenyanyua mkia, na watu wote wakapiga makofi ya vidole vilivyoganda.

Hiyo nilimtumia Baba. Akaitazama mara mbili. "Hao wanaosukuma nyuma wanalipwa?"

"Hapana, Baba. Wanajitolea."

"Mm," akasema. Kisha akampa simu Mama.

Mama akauliza kama huko kumekucha, na kama punda wangu amekula.